Boxer 150, dereva kilo 110: mbele inagonga na kupiga magoti. Springi, oili au shingo?

#1 KiloMiaNaKumi
Wakuu salaam. Boxer 150, dereva kilo 110 kabla ya kofia na buti. Kwenye matuta ya rasta (yale madogo ya mfululizo) ya Morogoro Road mbele panagonga kama nyundo, na nikikamata breki pikipiki inapiga magoti. Sili hazivuji, mirija haina kutu. Nimeuliza mafundi watatu nikapata majibu matatu: weka oili nzito, ongeza wosha juu ya springi, funga shokapu za pikipiki kubwa. Yupi mkweli? Naomba namba, nimechoka na "itakaa poa tu bosi".

#2 Boksa_Mbagala
Punguza ugali. Uzi ufungwe.

#3 Chuma_Gerezani
Wote watatu wamebahatisha, hakuna aliyepima. Kabla hujatoa hata mia, chukua futi ya chuma na watu wawili.

Pima urefu wa mrija unaoonekana, kuanzia raba ya vumbi hadi chini ya ti (kile kibanio cha chini cha shokapu). Kipimo A ni gurudumu la mbele likiwa hewani. B ni pikipiki imesimama yenyewe wima, hakuna mtu juu. C ni wewe umekaa na kofia, buti na begi lako la kila siku, miguu kwenye vikanyagio, mtu ameshika nyuma. A kutoa C ndiyo mzamo wako.

Shokapu yenye mwendo wa mm 125 ikizama mm 35 hadi 42 na dereva juu, iko sawa. Ikizama 55 au 60, umeshakula karibu nusu ya mwendo kabla hujatoka getini.

Halafu funga kamba ya plastiki ya kufungia waya kwenye mrija, ibane kiasi isiteleze yenyewe. Endesha, rudi usome ilikofika. Hiyo kamba haina njaa kama fundi.

#4 MzeeVenia
Naongeza kwenye #3. Kipimo C chukua mara mbili. Mara ya kwanza bonyeza hendeli chini, iachie ipande polepole, pima. Mara ya pili inyanyue, iachie ishuke polepole, pima. Chukua wastani. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ikizidi mm 15 hivi, shokapu zinakwama: mrija umepinda, ekseli imekazwa kabla miguu haijakaa sawa, au sili ni kavu. Ukiongeza springi kwenye shokapu inayokwama utapata pikipiki ngumu inayokwama.

#5 Mwendo_Kasi_Binafsi
Mnazungusha mtu. Weka oili ya injini 20W-50, mwisho wa habari. Bodaboda kibao mjini zinatembea hivyo.

#6 Mkemia_wa_Oili
#5 hapana, na sababu ni hii. Oili haibebi uzito. Inapinga mwendo tu wakati shokapu inatembea. Ukisimama kwenye taa dakika mbili, springi ndiyo iliyokubeba peke yake. Kwa hiyo mzamo wa A kutoa C hautabadilika hata ukimimina lami.

Namba ulizoomba: oili ya haidroliki namba 32 ina mnato wa sentistoki 32 kwenye nyuzi 40. ATF (oili ya gia otomatiki) iko karibu na hapo, thelathini na kitu. 20W-50 ya injini iko 160 na ushee kwenye joto hilohilo. Yaani mara tano. Shokapu za hizi pikipiki zina fimbo yenye matundu tu, hazina vali za maana. Kwenye tundu, kasi ya oili ikiongezeka mara mbili upinzani unapanda karibu mara nne. Rasta ni pigo la haraka sana, oili nzito haipati muda wa kupita, shokapu inakuwa chuma kitupu. Mkono unahisi "imegonga chini" kumbe haijabonyea hata nusu.

Na usisome hiyo "10W" ya kwenye chupa za oili ya shokapu kama msahafu. Kila kiwanda kina 10W yake. Linganisha sentistoki za nyuzi 40.

#7 Goba_Kokoto
Mkemia uko sahihi ila umesahau upande wa kurudi. Oili nzito inachelewesha shokapu kurudi juu. Rasta ya kwanza inabonyea mm 30, kabla haijarudi ya pili imefika, inabonyea tena, ya tatu vilevile. Kufika ya tano shokapu imeshakaa chini kabisa, hapo ndipo inagonga kweli. Kwa hiyo kule kugonga chini kunaweza kuwa kwa kweli, na mkosaji bado ni oili.

#8 Mkemia_wa_Oili
#7 nakubali nusu. Tuwekeane soda, kamba ya plastiki ndiyo itakayotuamulia.

#9 MtuWaFeri
Kabla ya yote: gurudumu la mbele juu, shika miguu ya shokapu chini kabisa, vuta mbele na nyuma. Ukisikia tok-tok, ni beringi za shingo ya usukani. Nyingi ya hizi "shokapu zinagonga" ni shingo. Kaza nati ya juu au badilisha beringi na vikombe vyake vyote, usichanganye vikombe vya zamani na gololi mpya. Huku Kigamboni chumvi inakula shingo mapema kuliko shokapu.

#10 Hesabu_za_Shule
Mtu kataka namba, haya.

Tuseme pikipiki ina kilo 120, nusu mbele: 60. Dereva aliyekaa wima anaweka kama asilimia 35 ya uzito wake mbele. Dereva wa kilo 75 anaongeza 26, jumla 86. Wa kilo 110 anaongeza 38.5, jumla 98.5. Tofauti si ya kutisha.

Sasa breki. Uzito unaohamia mbele ni uzito wote mara nguvu ya breki mara kimo cha kitovu cha uzito gawanya kwa umbali wa ekseli mbili. Kimo m 0.65, umbali m 1.3, hiyo ni nusu. Breki ya 0.6 ya mvutano wa dunia: dereva mwepesi 195 × 0.6 × 0.5 = kilo 58.5. Mzito 230 × 0.6 × 0.5 = kilo 69.

Jumla mbele: 144.5 dhidi ya 167.5. Springi iwe ngumu zaidi kwa asilimia 16. Sio mara mbili, wala sio za pikipiki ya cc 600.

#11 MzeeVenia
#10 safi, ila gurudumu, ngoma ya breki na miguu ya chini havibebwi na springi, viko chini yake. Toa kilo 13 hivi pande zote mbili: 131.5 na 154.5. Inakuwa asilimia 17.5. Si kubwa, ila ukikata springi utaona.

#12 Hesabu_za_Shule
Sahihi, nimepitiwa. 17.5.

#13 Boksa_Mbagala
Na abiria? Mnahesabu kama anaendesha peke yake Jumapili.

#14 Hesabu_za_Shule
Abiria anakaa karibu juu ya ekseli ya nyuma, akikaa tu mbele haongezi kitu, wakati mwingine anapunguza. Kwenye breki ndiyo anatuma salamu: kilo 70 × 0.6 × 0.5 = 21 za ziada mbele. Akibeba abiria kila siku asilimia 17.5 ni kidogo. Akiendesha peke yake inatosha.

#15 Wosha_Mbili
Mbona mnapita mbali? Weka wosha tatu juu ya springi, mbele inapanda. Rahisi.

#16 Chuma_Gerezani
Inapanda ndiyo, haiwi ngumu. Ukiongeza mm 10 za mkazo (springi kubanwa kabla ya mzigo), pikipiki inakaa mm 10 juu zaidi. Lakini kila milimita ya kubonyea baada ya hapo inadai nguvu ileile ya jana. Kwa mtu aliyezidi kilo tano au kumi inatosha. Kwa aliyezidi 35 utarundika wosha mpaka mm 30, halafu utapata zawadi mbili: ukipita kishimo shokapu inanyooka na kugonga juu, na kwenye tuta kali mizunguko ya springi inakutana kabla mwendo haujaisha. Hapo ni chuma juu ya chuma.

#17 DadaSpana
Wale wa "funga shokapu za pikipiki kubwa" wakumbuke foleni ya vitu inayofuata. Mirija ya mm 30 haikai kwenye ti ya mm 33, kwa hiyo ti zote mbili zinabadilika. Mhimili wa ti mpya hauna urefu wala beringi za shingo yako, kwa hiyo unaingia kwa tona (fundi mchonga vyuma) na presi. Ekseli nayo kipenyo kingine, kwa hiyo gurudumu na ngoma. Madigadi, kebo ya spidomita, kikomo cha usukani. Mwisho springi za ndani zilipangwa kwa pikipiki ya kilo 150, huenda zikawa sawa, huenda zisiwe. Kwa hizo za kupindua kichwa chini zinazouzwa kwa ajili ya sura, ndani nyingi ni fimbo na matundu yaleyale.

#18 Boksa_Mbagala
Sura nayo ni kitu dada.

#19 KiloMiaNaKumi
Nimepima kama #3 na #4. A = 140. B = 114. C wastani = 84, tofauti ya kupanda na kushuka mm 9. Shingo haina mlio, nimevuta na jirani akavuta.

Kamba: rasta za Kimara hadi Ubungo ilifika mm 95 kati ya 125. Breki kali kwenye mteremko ilifika 121.

#20 Mkemia_wa_Oili
Mzamo mm 56, springi imeelemewa. Lakini rasta 95! Haikugonga chini. Kule kugonga ni oili kufunga, yaani kushindwa kupita matunduni. Nadai soda yangu kwa #7.

#21 Goba_Kokoto
Subiri. Shokapu mbili, kamba moja. Umefunga mguu gani? Mwaga oili ya kila mguu kwenye kopo lake uone kiasi na rangi, ndipo tugawane soda.

#22 Chuma_Gerezani
Kama unafungua, fuata mpangilio, usije ukaanza kutafuta springi kwenye uwanja wa jirani.

Stendi kubwa, gogo chini ya injini, gurudumu la mbele hewani. Legeza nati ya juu ya kila mguu kwanza, robo mzunguko, ti zikiwa bado zimebana. Ukitoa mguu kabla ya kulegeza utaishia kuubana kwenye vaisi na kuchubua krome. Toa gurudumu, madigadi, kebo. Legeza ti, vuta mguu chini kwa kuuzungusha. Nati ya juu ifungue huku umeikandamiza, springi inasukuma. Pindua, pampu mara kumi na tano, acha uchuruzike dakika ishirini. Kama hubadilishi sili huna haja ya kufungua bolti ya chini. Ukiifungua, rudishia springi ndani na ukandamize ili fimbo isizunguke na alenki (spana ya L), na wosha yake ya shaba iwe mpya, ile ya zamani itavuja tu.

Kurudisha: kaza ekseli kidogo, shusha gurudumu, pampu shokapu mara tano sita, ndipo ukaze ekseli na ti kabisa. Kinyume chake miguu inakaa pacha asiyefanana, na ile tofauti ya mm 9 itakuwa 20.

#23 KiloMiaNaKumi
Nimemwaga. Mguu wa kulia 150 cc, nyeusi, nzito kama ya injini. Wa kushoto 95 cc, nyepesi, nyekundu iliyochafuka. Kamba ilikuwa kulia.

#24 Goba_Kokoto
🤣 Soda irudi friji. Pikipiki ina miguu ya watu wawili tofauti.

#25 Mkemia_wa_Oili
Haa! Sawa, nasitisha madai. Kushoto 95 cc, matundu yanaweza kumeza hewa badala ya oili, povu, kinagonga bila kizuizi. Kulia kunafunga. Kila mguu una ugonjwa wake.

#26 MtuWaFeri
Bado nasema shingo iangaliwe gurudumu likiwa chini, breki ya mbele imeshikwa, unasukuma mbele na nyuma. Hewani haionyeshi kila kitu.

#27 MzeeVenia
Tuje kwenye springi. Pima waya kwa venia (kipimo cha taya cha unene) sehemu isiyo na kutu, kipenyo cha nje, na idadi ya mizunguko iliyo huru (usihesabu ile iliyobanana miisho yote).

Ugumu = 79,000 × waya⁴ gawanya (8 × kipenyo cha kati³ × mizunguko). Kipenyo cha kati ni cha nje kutoa unene wa waya. Jibu ni niutoni kwa milimita. Ukikosea waya kwa mm 0.2, 3.8 ukaandika 4.0, jibu linaruka zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo pima mara tatu.

#28 KiloMiaNaKumi
Waya 3.8, nje 23.8, mizunguko 40 huru, nafasi sawa juu hadi chini. Urefu mm 400 na kidogo. Mkazo wa awali mm 10, hakuna kipande juu yake.

#29 Hesabu_za_Shule
Waya⁴ = 208.5. Kipenyo cha kati 20, mchemraba 8,000. Inatoka 6.4 N kwa mm, springi mbili 12.9, sawa na kilo 1.31 kwa mm. Mzigo wako 98.5 toa 13 ni 85.5. Gawanya 1.31 ni mm 65, toa mkazo 10, ni 55. Wewe umepima 56. Nimeokota karatasi chini nikaibusu.

#30 DadaSpana
Asiyeamini hesabu: chuma chembamba kimesimama wima kama mwongozo, springi ndani yake, ubao juu, mfuko wa saruji wa kilo 50. Hiyo springi itashuka mm 76 hivi.

#31 Boksa_Mbagala
Halafu saruji ikimwagika tunajenga.

#32 MzeeVenia
Ugumu unakwenda kinyume na idadi ya mizunguko. Ukitaka 17.5 juu, gawanya 40 kwa 1.175: 34. Kata sita. Springi inafupika mm 60. Ziba nafasi kwa kipande cha paipu ya PVC ya mm 25 yenye ukuta mnene, miisho imekatwa mraba kabisa, na wosha ya chuma kati yake na springi, la sivyo waya unachonga plastiki na vumbi jeupe linaingia kwenye oili.

Kata kwa grenda huku umeifunga kitambaa kibichi. Gesi hapana, chuma kikipata moto kupita kiasi kinapoteza uimara, kitalala. Sugua mwisho uliokatwa ukae bapa, uuelekeze juu.

Angalia kufungana (mizunguko kugusana): 34 × 3.8 ni mm 129, weka na miisho, tuseme 140. Springi ya 340 ina nafasi ya 200. Unahitaji 125 na mkazo. Inapita kwa raha.

#33 Goba_Kokoto
Hiyo ni kwa springi ya nafasi sawa. Yenye sehemu iliyobanana na sehemu pana, ukikata ilikobanana unaondoa ulaini wa mwanzo, ukikata kupana unasogeza kufungana karibu. Hizo ni bora ununue nyingine. Na kukata hakuna "rudisha".

#34 Hesabu_za_Shule
Mpya zitakuwa kilo 1.54 kwa mm. 85.5 gawanya 1.54 ni 55.5. Ukitaka mzamo 38 weka mkazo mm 18. Kipande: 60 + 8 = 68.

#35 Chuma_Gerezani
Wosha ina unene. Ya mm 2, kipande 66.

#36 Hesabu_za_Shule
Wewe na Mzee mnanisubiria kona.

#37 Mkemia_wa_Oili
Oili: kiasi cha cc kiangalie kwenye kitabu cha pikipiki, ila usawa ndio sheria. Springi nje, mguu umebonyezwa hadi chini, pima kutoka mdomo wa mrija hadi oili, miguu yote miwili sawa kwa milimita. Mrija wenye ndani ya mm 26, cc 5 zinapandisha karibu mm 10. Kupandisha usawa kunabana hewa ya juu, kunasaidia mwisho wa mwendo tu. Ongeza mm 10 kwa hatua. Ukipitiliza, hewa inatafuta mlango na mlango ni sili.

Anza na namba 32. Ikirudi kwa kuruka-ruka, panda 46. Springi ngumu inahitaji kuzuiwa kurudi kidogo zaidi, hapo ndipo oili nzito kiasi ina haki yake.

#38 Mwendo_Kasi_Binafsi
Kwa hiyo nilikuwa sahihi kidogo.

#39 Mkemia_wa_Oili
Kidogo sana. 46 sio 160.

#40 Goba_Kokoto
Kuna njia ya nne: ile vali inayokaa juu ya fimbo. Unapanua matundu ya fimbo hadi mm 8, sita, ili yasizuie tena, vali ndiyo inazuia, na kipande cha PVC unakipunguza kwa kimo cha vali. Inatibu rasta kweli. Kuipata ya mirija myembamba hivi ndiyo kazi.

#41 KiloMiaNaKumi
Mrejesho. Nimekata sita, kipande 66, oili namba 32 miguu yote sawa. Mzamo mm 39. Breki kali mteremko uleule, kamba 97. Rasta 71. Kugonga kumepungua sana, ila kuna tok ndogo imebaki kwenye rasta za mwisho kabla ya Ubungo. Ahsanteni.

#42 MtuWaFeri
Shingo.

#43 Mkemia_wa_Oili
Hewa haijatoka kwenye oili. Pampu, iache usiku kucha, pima usawa upya.

#44 Goba_Kokoto
Tatizo umebadilisha springi, usawa na oili siku moja. Sasa kila mtu humu atasema ni ya kwake.

#45 DadaSpana
Na hakuna aliyeuliza nyuma. Kilo 110 nyuma imekaa chini, mbele sasa imepanda mm 17. Shokapu zimelala zaidi, usukani utakuwa mzito kukata kona. Kama za nyuma zina ngazi za kukaza, panda ngazi moja, au pandisha mirija ya mbele mm 5 ndani ya ti, uone. Mzamo wa nyuma ni ngapi?

#46 KiloMiaNaKumi
Sijapima. Futi ameondoka nayo jirani.